Mdogo wangu, usisaini kwanza

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu jikoni: kazi Njombe kwenye parachichi, mshahara umepanda kwa laki mbili, na mtoto yuko njiani. Mara ya pili nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hamko mmoja. Jina sitaji, mama asije akanigombeza.

Kazi inaanza Julai 1. Kadi ya kliniki inasema Novemba 15. Hapo katikati ni miezi minne na nusu, basi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana haki ya likizo yenye malipo. Likizo ya uzazi imo humo humo. Miaka yako minne kwa mwajiri wa sasa hapo Mafinga haipandi basi pamoja nawe.

Mimi nilihama mimba ikiwa na miezi mitano. Kwenye usaili niliuliza habari za uzazi, bosi akatabasamu: "Hilo tutaliangalia." Nikaridhika! Nilijifungua nikiwa na miezi minne tu kwenye kazi ile. Mwisho wa Julai, baridi ya Uyole unaijua, nilimfunga mtoto mgongoni, nikamfunika blanketi mpaka kichwani, nikapanda bajaji hadi Mwanjelwa kwenye ATM. Salio shilingi 3,400. Nikaingiza kadi tena, nikidhani mashine imekosea. Nyuma yangu foleni inaguna.

Nikakimbilia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kule fao la uzazi linataka uwe umechangia miezi 36 angalau, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Mimi nilikuwa na 29. Yule bosi nilimlaani muda mrefu, lakini ukweli ni kwamba hakuvunja sheria. Aliniacha tu nijidanganye.

Wewe hapo una nafuu. Michango ya NSSF inafuata namba yako ya uanachama, si mwajiri, kwa hiyo miaka minne yako iko salama, ilimradi huyo wa Mafinga alikuwa anaipeleka kweli. Usiamini makato kwenye slipu ya mshahara; nenda kaombe taarifa ya michango yako, uisome mwezi kwa mwezi. Ila fao hilo ni jambo moja, na mshahara wa likizo ni jingine.

Ukibaki ulipo, unatoa taarifa na cheti cha daktari miezi mitatu kabla ya kujifungua, yaani isizidi Agosti 15. Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe, Oktoba 18. Siku 84 zenye malipo zinakufikisha Januari 9 (wakija pacha ni 100). Ukirudi kazini unaandika notisi ya siku 28, na Februari uko Njombe, mtoto ameshakaza shingo.

Kwa hiyo waombe Njombe wakusogezee tarehe ya kuanza. Najua unaogopa watampa mwingine. Inawezekana, sikufichi. Lakini ukianza Julai, baada ya wiki sita tu utakuwa unawapelekea hiyo taarifa ya mimba, na uko kwenye majaribio. Sheria inakataza kubagua hata mwombaji kazi kwa sababu ya ujauzito, sawa, ila kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali nayo inasubiri miezi sita. Nenda ukathibitishe hilo kwa wakili, au waulize watu wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wale wa migogoro ya kazi.

Wakikataa kusogeza tarehe na moyo wako bado uko kule, basi neno la likizo ya uzazi yenye malipo liandikwe ndani ya mkataba, na idadi ya siku, kabla hujaweka sahihi. Wakikuambia "tutaliangalia", nipigie simu hapo hapo, hata kama ni saa za kazi.

Shemeji msalimie. Blanketi lile la Uyole nimelitoa sandukuni, nimelifua, liko juani. Nitakuja nalo mwenyewe Oktoba, popote utakapokuwa.

Dada yako