Barua ya wazi kwa wajumbe wapya wa kamati za ulinzi wa watoto

Wanangu,

Najua mna haraka ya kwenda kuwatoa watoto kazini. Ngojeni kwanza. Kumtoa mtoto ni shughuli ya asubuhi moja. Swali ni kesho yake ataamkia wapi.

Mwaka 1993, wenye viwanda vya nguo Bangladesh waliogopa muswada wa Marekani wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto, wakawafukuza maelfu. Shule haikuandaliwa, posho haikuwepo. Baadhi waliishia kuponda mawe na kuhangaika mitaani, kazi mbaya kuliko ile waliyotolewa. Makubaliano ya 1995 ndiyo yaliyogeuza utaratibu: nafasi ya shule itangulie, na familia ipate posho ya kila mwezi.

Kwa hiyo mkifika nyumbani msianze na sheria. Ulizeni mtoto huleta pesa kiasi gani, na zinalipia nini. Mara nyingi mtakuta deni, ugonjwa wa mzazi au mavuno yaliyoharibika. Hilo pengo lisipozibwa, mdogo wake atachukua nafasi yake, nanyi mtaandika kwenye ripoti kwamba mmefaulu! Basi waandikeni watoto wote wa kaya, si yule mmoja mliyemwona.

Wala msiishie viwandani. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ni watoto milioni 138 wanaotumikishwa duniani, na asilimia 61 wako kwenye kilimo, wengi wakifanya kazi na jamaa zao wenyewe.

Kuosha vyombo baada ya shule si utumikishwaji. Mkataba namba 138 wa ILO unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15, au 14 kwa nchi ambazo uchumi wake bado mchanga. Kazi ya hatari ni 18. Someni sheria ya nchi yenu imechagua upi. Kijana wa miaka 16 anayepulizia dawa shambani msimfukuzishe kazi: mwondoeni kwenye bomba la dawa, abaki kwenye palizi.

Mtoto wa miaka 12 asiyejua kusoma mkimketisha na wa miaka 7, atatoroka kwa aibu. Tafuteni kwanza darasa la kumfidia miaka aliyopoteza. Kisha kagueni daftari la mahudhurio kila wiki, hasa msimu wa mavuno. Akikosa siku 3 mfululizo, nendeni kwao siku hiyo hiyo.

Mzee wenu