Safari ya Limuru: mikono isigande

Assalam aleikum na salamu kwenu nyote.

Safari yetu ya pikipiki kwenda Limuru iko palepale. Jumamosi tunakutana Nguzo ya Vasco da Gama saa 11:30 alfajiri, matangi yamejaa. Wa Watamu tutawakuta njia panda ya Gede. Tunalala Voi, Jumapili tunapanda.

Kwa sisi tuliozoea joto la Malindi, Limuru ya Julai si mchezo. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na upepo wa mwendo unazidisha baridi. Vidole vikifa ganzi, unachelewa kushika breki. Kwa hiyo:

1. Glavu za ngozi zenye nafasi kidogo ndani. Zikibana, damu haipiti vizuri.

2. Jaketi zito, kifua kifungwe. Kiwiliwili kikipoa, mwili hupunguza damu ya mikononi ili kulinda viungo vya ndani. Wengine wananunua glavu za bei, halafu wanavaa fulana!

3. Fundi wa viti anatushonea vifuniko vya turubai vya mishikio ya usukani, sh. 700 kwa jozi. Kwangu mimi hivi ndivyo bora, ila vijaribuni hapa mtaani kwanza; mkono uingie na kutoka bila kukwama.

Na tafadhali, tukisimama njiani mtu asipashe vidole kwenye ekzosi. Vikiwa na ganzi utaungua bila kujua.

Pesa za vifuniko zimfikie mhazini kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Jibuni hapa NAENDA au SIENDI, na jozi ngapi. Atakayenyamaza nitahesabu haendi.