Dada wa steshenari Mwanjelwa, asante sana

Jina lake sikuuliza na najilaumu. Mwaka jana mwezi wa sita, ile baridi ya Mbeya ya kukata masikio, niliingia steshenari moja Mwanjelwa kutoa kopi za vyeti, bahasha ikachanika na michoro yangu yote ikamwagika chini. Nachoraga katuni za utoto wangu, baba karudi kalewa, mimi na mdogo wangu tumejificha kwenye shamba la viazi kule Uyole mpaka kunakucha. Sijawahi kumuonyesha mtu.

Dada akaokota moja moja, hakunipa pole (hapo ndo aliniweza), akauliza tu, "Kaka, mbona hazina mpangilio?" Akavuta stuli tukazipanga kwenye kaunta, akapiga mistari ya maboksi kwa rula, akasema pale usipokumbuka acha boksi tupu. Kumbe ule usiku ulikuwa na mwisho jamani, miaka yote kichwani ulikuwa unajirudia katikati tu! Akatoa kopi, akapiga pini, akachukua hela ya vyeti peke yake.

Juzi nilimpelekea mdogo wangu Iringa, kasoma kimya, kachukua kalamu kajaza lile boksi tupu.

Dada, kopi yako ninayo, naileta.