Wingu la Sahani Juu ya Kibo

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, kusi imeanza na bahari imechafuka.

Picha yako ya kutoka Moshi, ya lile wingu kama sahani juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nimeiona. Waambie majirani wanaodhani mlima unafuka moshi watulie, haufuki. Moshi huanzia kwenye tundu, ukatawanyika na kwenda na upepo. Wingu lako lina ukingo laini, limeelea bila kugusa kilele, na kwa maelezo yako halikusogea asubuhi nzima. Hilo ni wingu la lenzi, yaani lenye umbo kama lenzi.

Kinachosogea ni hewa. Upepo ukikutana na Kibo hulazimika kupanda, na hewa ambayo haijaanza kufanya wingu ikipanda kilomita moja hupoa kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Ikipoa vya kutosha, mvuke hugeuka matone: wingu limezaliwa upande wa joshini, upepo unakotoka. Ikishuka demani, upande upepo unakoelekea, hupata joto, matone yakakauka. Basi wingu linajengwa huku na kubomoka kule, muda wote, na wewe chini unaona limesimama. Zile sahani zilizopandana ni tabaka zenye unyevu zikitenganishwa na tabaka kavu.

Hewa ikishavuka mlima haitulii papo hapo. Huendelea kupanda na kushuka, kama mkondo wa mawimbi unaobaki nyuma ya jahazi, ndiyo maana huonekana wingu la pili mbali na kilele. Unaweza kulikadiria. Hewa tulivu, ile ambayo ikisukumwa juu hurudi chini, humaliza mpando na mshuko mmoja kwa karibu dakika 10. Upepo wa mita 15 kwa sekunde huenda kilomita 9 kwa muda huo, litafute hapo. Upepo ukizidi, nalo husogea mbali zaidi.

Ukitazama mlima kutoka Moshi, upepo wa juu ukiwa wa mashariki, joshini ni kulia kwako, kwenye Mawenzi, na demani ni kushoto, kwenye Shira. Bendera ya paani isikudanganye: upepo wa kileleni, mita 5,895 juu, mara nyingi haufanani hata kidogo na wa mjini.

Wahi alfajiri. Jua likishachoma ardhi, hewa hupanda kwa mafungu, tabaka huvurugika, na mawingu ya kawaida yanaufunika mlima.

Kwa video, weka simu kwenye kigingi imara, piga picha moja kila sekunde 5 kwa nusu saa. Utapata picha 360. Zikipita 24 kwa sekunde, ni video ya sekunde 15. Funga mipangilio ya mwanga na fokasi isibadilike kabla ya kuanza, la sivyo simu itabadilisha mwanga yenyewe na video itapepesa. Mlima wenyewe uwemo kwenye picha, maana bila kitu kisichosogea hutajua kama wingu limesimama kweli.

Marubani hawayapendi mawingu haya, na wana haki. Chini ya mawimbi, upande wa demani, hewa hubiringika kwa nguvu. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya abiria ya Uingereza, Boeing 707, ilivunjika hewani karibu na mlima Fuji, Japani. Wote 124 walikufa. Na anga ilikuwa safi. Hewa ikiwa kavu, mawimbi huwepo bila wingu lolote la kuyaonyesha.

Ukipata nyingine nitumie, ila andika saa na mahali uliposimama. Hii ya sasa hukuandika, nami nimebaki kubahatisha upepo.

Wako,
Sahibu wa Tanga