Rajabu, kabla hujapanda basi

Mombo, Ijumaa usiku

Salaam aleikum kaka Rajabu,

Hujambo, nyumbani hawajambo, wifi kashapona mafua? Huku wazima wote alhamdulillah, mama anakusalimia sana na anauliza ile dawa ya kuchua magoti uliyomletea siku ile inapatikana bado, nshamwambia ukija utakuja nayo kwa hiyo hapo nimeshakufunga. Tangu arobaini ya mzee Shekue hatujaongea vizuri mimi na wewe, ni hizi meseji za poa na freshi tu, ila leo nakuandikia kirefu manake Mudi kanambia una safari ya kuja huku wiki ijayo, na mimi nina mambo mawili kabla hujapanda basi, moja la kununua na lingine la kuongea na mtu. Soma yote usiruke, hilo la pili ndo kubwa.

Naanza na la kununua. Mwenye kirikuu, kale kapikapu kadogo, kapandisha tena hela ya mzigo. Kutoka shambani bondeni mpaka lami si mbali unapajua mwenyewe, lakini sasa kila tenga la nyanya lina bei yake, afu haji mpaka gari lijae, kwa hiyo mimi nimevuna asubuhi nakaa pembeni ya mfereji namsubiri jirani amalize kuvuna na nyanya zinazidi kuiva juani. Nyanya haisubiri mtu. Nikisema nibebe na pikipiki, kwenye keria linakaa tenga moja tu, na hilo moja linavunja spoku za nyuma, nikifika kwenye mchanga usukani unakuwa mwepesi mbele huku juu, pikipiki inataka kukaa kitako. Ndo nimeamua kutengeneza tela.

Najua utasema nunua guta, ile pikipiki ya mzigo ya tairi tatu, ulishanambia. Kaka, guta hela yake sina, na ningekuwa nayo halipiti juu ya tuta la mfereji, pale kwa mzee Kimweri unapita wewe na pikipiki na mtu akija mbele yako mnapishana kwa kubembelezana. Afu msimu ukiisha guta linakaa linakula kutu. Tela unachomoa pini unaliacha nyumbani, unarudi kubeba abiria mchana huohuo. Hilo nimelifikiria sana na nimeridhika nalo.

Sasa kulichora nimeshalichora. Chesisi ni skwea paipu inchi moja na nusu geji 16, mti wa kuvutia nataka bomba la inchi mbili moja zima lisilounganishwa katikati. Boksi upana sentimita 60, urefu mita 1 na 20, matenga mawili yanakaa moja mbele ya jingine. Tairi ziwe pembeni ya boksi sio chini yake, ili mzigo ukae chini, manake tela la tairi mbili halilali kwenye kona kama pikipiki inavyolala, mzigo ukiwa juu linapinduka. Ukijumlisha tairi na vyuma vyake upana wote unafika sentimita 90, umezidi usukani kidogo tu, kwa hiyo usukani ukipita mimi najua kuna kiganja kimoja kila upande cha kuangalia.

Kiungo ndo kimeninyima usingizi. Fundi wa hapa stendi aliniambia weka bolti moja tu nene limekwisha. Halijaisha hata kidogo. Pikipiki inafanya vitu vitatu, inakata kushoto na kulia, inapanda na kushuka kwenye mashimo, na inalala kwenye kona, kiungo kikikataa kimoja kati ya hivyo basi ama chuma kinakatika ama tela linakunyima kona na kukutoa barabarani. Nimepata krosi ya propela shafti ya gari, hiyo inanipa kushoto kulia na juu chini. Ya kulala nafanya bomba ndani ya bomba, na grisi, na nati yenye pini ya kuizuia isifunguke. Chini yake mnyororo wa akiba, kiungo kikikatika tela lisiende kuua mtu. Na hicho kiungo nakishikiza kwenye chesisi ya pikipiki, chini, usawa wa ekseli ya nyuma, sio kwenye keria. Kwenye keria nakataa kabisa, na sababu utaiona mbele nikifika kwa Chande, mtoto wa dada Mwanaidi.

Basi ombi langu kwako ni tairi. Watu wanasema tumia tairi za toroli, zile beringi zake ni za kusukuma kwa mkono, ukienda mwendo wa pikipiki zinapata moto zinasagika. Wengine wanasema hab za bajaji na tairi zake za 4.00-8, na hizo kweli ni nzuri manake hab ya bajaji imeumbwa kushikwa upande mmoja, unachomelea stabu, yaani ekseli fupi ya upande mmoja, unafunga umemaliza. Ila breki yake ni ya mafuta, na mimi breki ya mafuta kwenye tela siwezi kuihudumia huku shamba. Kwa hiyo ninachotaka unitafutie hapo Ilala kwa wauza spea za mtumba ni tairi mbili za MBELE za Boxer, zenye breki ya dramu ya waya, na sahani zake na breki shuu hata zikiwa zimelika nitabadilisha. Angalia rimu zisiwe zimepinda, zungusha uone. Ekseli zake zije nazo. Najua tairi ya pikipiki lazima ishikwe pande zote mbili, ukiishika upande mmoja ile ekseli nyembamba inapinda, ndo maana nimeacha nafasi ya sentimita 15 kila upande nipitishe chuma ndani na chuma nje. Na tyubu zinakuwa sawa na za pikipiki yangu, akiba moja inatosha.

Breki kwenye tela watu hapa wananishangaa, wanasema tela dogo hivyo breki ya nini. Kaka mi naona kuvuta sio tatizo, Boxer 150 inavuta, ukibadilisha sproketi ya nyuma ukaweka yenye meno mengi inavuta zaidi. Tatizo ni kusimama. Pikipiki yenyewe ni kama kilo 120. Tela langu tupu nimepiga hesabu litafika 45, matenga mawili mengine 90, jumla 135, yaani nyuma yangu kuna kitu kizito kuliko pikipiki na hakina habari kwamba mimi nimekanyaga breki. Yule binamu yako wa Leicester alinitumia sheria za Uingereza, kule tela la pikipiki likiwa na mzigo halitakiwi kuzidi kilo 150 au theluthi mbili ya uzito wa pikipiki, inachukuliwa ile iliyo ndogo, na upana mwisho mita moja, na pikipiki ya cc 125 kushuka chini hairuhusiwi kuvuta kabisa. Kwa theluthi mbili mimi ningeishia kilo 80 pamoja na tela lenyewe. Nitazidisha, sikufichi, lakini nazidisha bondeni kwenye tambarare, mwendo wa 30, na breki juu yake.

Breki yenyewe ni hivi, ule mti wa kuvutia unabaki mmoja mzima, ila mbele yake bomba jingine liteleze ndani yake na springi kali katikati. Pikipiki ikipunguza mwendo tela linasukuma mbele, bomba linaingia ndani, linavuta waya mmoja unaogawanyika mara mbili kwenda kwenye dramu zote mbili. Matela mengi ya magari yenye breki kule Ulaya yanatumia njia hiihii. Pale unapogawanyika nataka kipande kinachocheza ili tairi zote zishike sawa, ikishika moja tela linavuta upande. Na iwe na pini ya kulifunga, manake ukirudisha nyuma kwa miguu breki zinashika zenyewe.

Sasa Chande.

Rajabu, Chande naye anatengeneza tela. Kaniona mimi nachora akaenda kwao akaanza kuchomelea siku hiyohiyo, mkono wake unaujua, ulimfundisha mwenyewe, anachomelea vizuri kuliko hawa wa stendi. Lakini kaka nimeliona hilo tela nimerudi nyumbani sijala. Tairi za toroli. Kiungo kwenye keria, bolti moja. Breki hamna. Na hataki kulitumia bondeni, anataka kupanda nalo Soni, njia ya Lushoto, akashushe kabichi na karoti kuja hapa Mombo kwenye maroli ya Dar, anasema wakulima wa kule watamkimbilia.

Ile barabara unaijua. Lushoto iko kama mita 1,400 juu, sisi tuko chini huku, na zile kona kutoka Soni ni ukuta upande mmoja na korongo upande mwingine. Na we unajua vijana wanavyoshuka pale, wanazima injini wanateremka frii ili wabane mafuta. Chande anashuka hivyohivyo, nimemuuliza kwa mdomo wangu akasema ndio mjomba, kwani ina shida gani. Sasa frii na tela la kilo 150 nyuma! Injini imezimwa hakuna gia ya kukushika, yote unayaachia breki za dramu, na dramu ikishikwa muda mrefu inapata moto, inalainika, unakanyaga unafika mwisho haishiki. Na tela linasukuma. Ukiwa umenyooka linakusukuma mbele, ukiwa ndani ya kona lenyewe bado limeelekea kule mlikotoka kwa hiyo linausukuma mkia wa pikipiki nje, mnakunjana kama kisu cha mfukoni. Na kwa vile kalifunga juu kwenye keria, kila akifunga breki linamsukuma kutokea juu, tairi ya nyuma inapoteza uzito, na hiyo ndo yenye breki anayoitegemea.

Nimemwambia yote haya. Ananisikiliza kwa heshima, hajanijibu vibaya hata mara moja, afu anarudi kuchomelea. Nadhani anaona mjomba ni muoga tu. Dada Mwanaidi nae hajui afanyeje, anasema mtoto kapata shughuli ya maana asimkatishe tamaa, na mimi sitaki kumkatisha tamaa, wallahi nafurahi kumuona anashika grenda badala ya kukaa kijiweni. Ila nampenda, simtaki kwenye zile kona.

We anakusikiliza. Mpigie. Usimpigie kumgombeza, atajua nimemsema na atazima simu. Muulize habari za kazi, aanze mwenyewe kukueleza, atakueleza tu manake ana hamu ya kumwambia mtu, afu umuulize taratibu, kiungo umefunga wapi, breki iko wapi, mzigo unaupanga mbele ya ekseli au nyuma. Hilo la mzigo pia hajui, anataka kupakia nyuma ili pikipiki isilemewe, na tela likilemewa nyuma linaanza kupiga mkia, linayumba huku na huku na ukiongeza mwendo ndo balaa. Mimi nitapima kwa mizani ya kuning'iniza, kila kilo 100 za tela na mzigo wake kama kilo 10 ziegemee kwenye kiungo. Mwambie wewe, ukisema wewe inakuwa ni ufundi, nikisema mimi inakuwa ni woga.

Na nimefikiria kitu. Ukipata tairi nne badala ya mbili, leta nne. Mbili zangu mbili zake. Hela ya zake ntatoa mimi tukivuna, usimwambie. Afu tukae wote watatu pale kwa fundi wa stendi, umchomelee kiungo cha chini mbele ya macho yake, na breki, na atumie tela lake huku bondeni na mimi, kazi ipo, mashamba ya mpunga yakianza kuvunwa tutashindwa sisi. Soni hata likiwa na breki mimi bado sitaki. Hilo nalo mwambie wewe.

Sasa nijibu haya. Unakuja lini hasa, Jumanne au Alhamisi, manake Mudi anachanganya? Basi lako litakubali kupakia tairi nne kwenye buti au tuzitume kwa lori la kabichi likirudi tupu? Hilo bomba la kuteleza unaonaje, la duara au skwea, mi naona skwea halizunguki lakini duara linakula grisi vizuri? Springi ya shokapu ya mbele ya pikipiki itatosha au ni laini? Niweke shokapu kwenye tela au upepo mdogo kwenye tairi unatosha kwa nyanya, zisije zikafika uji? Waya za taa nichukue kutoka taa ya nyuma moja kwa moja au balbu zitazidi? Na trafiki wa hapa njiapanda, unafahamiana nao bado, unadhani watataka nini tukivuka lami, nataka nikawaulize mapema kabla sijakamatwa mchana na nyanya juani. Wifi anakuja na wewe? Mama atachinja, niambie mapema.

Mpigie Chande jioni, kuanzia saa moja ndo anakuwa nyumbani, mchana grenda inapiga kelele hasikii simu. Namba yake ni ileile.

Ndugu yako,
Athumani