Eliane Elias ni mpiga piano kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo moja lililomo katika makala ya burudani mliyoichapa Jumamosi iliyopita kuhusu muziki wa jazi kutoka Brazil. Mwandishi wenu alimpa Eliane Elias mstari mmoja tu, akamwita mwimbaji wa bossa nova, ile samba tulivu ya Brazil yenye ladha ya jazi, ambaye pia hupiga piano. Sina ugomvi na makala kwa jumla, na nashukuru kwamba gazeti limekumbuka muziki wa huko; lakini neno hilo "pia" limenikera, kwa sababu linageuza kichwa chini miguu juu kazi ya zaidi ya miaka 40.

Alizaliwa São Paulo mwaka 1960, miaka 2 baada ya João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa, kurekodi wimbo ulioifungulia njia bossa nova. Wengi wakisikia bossa nova huona fukwe za Rio de Janeiro, lakini São Paulo ilikuwa na tabia yake: huko yalishamiri makundi ya watu watatu, piano, besi na drams, yaliyopiga samba kwa ukali wa jazi na bila haja kubwa ya mwimbaji. Mojawapo ni Zimbo Trio, iliyoundwa mwaka 1964, na ambayo wanamuziki wake baadaye walifungua shule ya muziki mjini humo. Eliane Elias alianza piano akiwa na miaka 7. Akiwa na 12 alikuwa akinakili kwa sikio solo za mabingwa wa Marekani, noti kwa noti. Akiwa na 15 alikuwa mwalimu katika shule hiyo, akifundisha watu waliomzidi umri namna ya kubuni muziki papo kwa papo. Alipofika miaka 17 alichukuliwa kufanya kazi na Toquinho na Vinicius de Moraes, yule mshairi aliyemwandikia mtunzi wa bossa nova, Antonio Carlos Jobim, maneno ya nyimbo zake nyingi. Walimchukua kwa ajili ya vidole vyake, maana waimbaji wenyewe ndio wao.

Mwaka 1981 alihamia New York, na mwaka uliofuata akaingia katika kundi la Steps Ahead, pamoja na Michael Brecker kwenye saksafoni, Mike Mainieri kwenye vibrafoni, Peter Erskine kwenye drams na Eddie Gomez kwenye besi. Huyu Gomez alikuwa amekaa miaka 11 ubavuni mwa Bill Evans, kwa hiyo alikwisha kusikia piano nzuri ya kumtosha. Binti wa miaka 22 kutoka Brazil hakai kwenye kiti cha piano mbele ya watu wa namna hiyo kwa sababu ya sauti tamu, tena katika kundi la ala tupu.

Nafundisha piano hapa Tanga, na naomba univumilie nieleze kazi yenyewe ya mikono, kwa kuwa humo ndimo hoja yangu ilimo. Sisi tuliokulia kwenye dansi, neno jazi limetufikia kwa majina ya bendi kama Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, ambazo uhai wake ulikuwa kwenye magitaa. Katika bendi hizo besi ina mtu wake, rithim ina mtu wake na solo ina mtu wake. Mpiga piano anapokuwa peke yake hulazimika kuwa watu hao watatu kwa mikono miwili, na samba humwongezea mzigo wa nne, ambao ni ngoma. Samba huhesabiwa mbili mbili, na ngoma kubwa iitwayo surdo huuweka uzito wake kwenye pigo la pili, si la kwanza kama sikio la mgeni linavyotarajia. Juu yake kijingoma kiitwacho tamborim hupigwa kwa kijiti, kikiyakatakata mapigo. João Gilberto alizihamishia ngoma hizo kwenye gitaa, dole gumba likashika surdo na vidole vingine vikashika tamborim. Kwenye piano mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kodi za mkono wa kushoto, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hazina budi kulitangulia pigo kwa robo yake mara kwa mara, wakati mkono wa kulia unazungumza jazi yenye sentensi ndefu ambazo hazijali kabisa kodi zimeanguka wapi. Eliane Elias hufanya hivyo kana kwamba anamenya chungwa.

Mwezi uliopita nilimwambia mwanafunzi wangu wa miaka 14 asiguse piano kabisa, bali agonge meza kwa vifundo vya vidole akifuata tamborim, huku mguu ukikanyaga sakafu kwenye pigo la pili tu. Mwanzoni mguu ulivifuata vidole kila vilikokwenda. Baadaye alikasirika, akasema meza ni mbovu. Tulirudia mpaka adhana ya alasiri, na ghafla mguu ukajitenga na vidole, kila kimoja kikashika njia yake, na chai yangu ikawa inatikisika kikombeni kwa mpango mmoja, pigo la pili, pigo la pili. Hapo ndipo nilipompigia santuri ya Eliane Elias, naye akauliza, "Mwalimu, huyu ana mikono mingapi?" Hakuuliza juu ya kuimba.

Ndiyo maana sipendi pia pale makala iliposema kwamba huyu mama "huchanganya" jazi na muziki wa Brazil, kama mtu anayetia viungo kwenye sufuria ya wali uliokwisha kuiva. Samba ilikuwamo mkononi kabla ya kingine chochote. Tena isisahaulike kwamba samba yenyewe ilikuzwa na watu weusi waliovushwa bahari utumwani, wengi wao kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji, jirani zetu kabisa. Wataalamu wengi hulihusisha hata jina lake na neno semba la Kimbundu. Hilo linastahili makala yake.

Mwenye shaka alinganishe albamu mbili. Mwaka 1990 alitoa albamu ya kupiga nyimbo za Jobim, akiwa na Eddie Gomez kwenye besi, Jack DeJohnette kwenye drams na Naná Vasconcelos kwenye ngoma, na humo anayesema ni piano. Mwaka 1998 akatoa nyingine ya kuziimba nyimbo za Jobim huyo huyo. Kati ya hizo mbili kuna miaka 8, na katika miaka hiyo hiyo alirekodi na Herbie Hancock vipande vya piano mbili, katika albamu iliyotoka mwaka 1995. Kwa maneno mengine, watu wa kazi walikwisha kumkubali kwa piano kabla sauti yake haijashika uongozi.

Nakiri kwamba yeye mwenyewe amemsaidia mwandishi wenu kukosea. Tangu wakati huo albamu zake nyingi zimeiweka sauti mbele, na zilizouzwa sana ni hizo. "Made in Brazil" ya mwaka 2015, ya kwanza kuirekodi Brazil tangu ahame, ilimpatia tuzo ya Grammy ya albamu bora ya jazi ya Kilatini, na ni kazi safi. Ila kwa sikio langu nyuzi za orkestra ni nyingi mno, sauti imekaa sebuleni na piano imepelekwa jikoni. Soko linataka hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga piano jioni katika hoteli moja ya ufukweni, na wiki ya pili meneja aliniambia nitafute binti wa kuimba, kwa kuwa muziki wa Kibrazil bila sauti wageni huuona haujakamilika. Nilimtafuta, na ndiye aliyepigiwa makofi.

Kwa hiyo nilifurahi mno ilipotoka "Mirror Mirror" mwaka 2021. Vipande ni 7: vinne amepiga na Chick Corea, ambaye alifariki Februari mwaka huo kabla albamu haijatoka, na vitatu amepiga na Chucho Valdés wa Kuba. Hakuna besi, hakuna drams, hakuna kuimba. Ni piano mbili tu. Kwa Valdés utasikia jinsi Kuba na Brazil zinavyopishana bila kugombana: mapigo ya Kuba yamepangwa kwa utaratibu mkali wa klave, yaani mpangilio wa mapigo matano unaojirudia, ya Brazil yanayumba kidogo, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kumaliza alichokuwa akisema. Aprili 2022 albamu hiyo nayo ilipata Grammy.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Toleo lijalo lichape sahihisho linalosema "mpiga piano na mwimbaji", kwa mpangilio huo huo, na mwandishi wenu akipata nafasi aanze na ile albamu ya mwaka 1990. Kama hana, ninayo, na niko tayari kuileta ofisini kwenu mwenyewe.

Wako,
Mwalimu wa piano,
Tanga