Mheshimiwa, ulituahidi barabara, sasa mbona umenyamaza bungeni?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo linalonikera, na najua wanaokereka ni wengi.

Kampeni zikianza tunasikia yale yale, nipeni kura nitaleta barabara, nitaleta maji, zahanati, umeme, wengine mpaka wanapiga magoti jukwaani, na sisi vigelegele. Miaka mitano ikiisha lami hakuna tunaanza kumwita mbunge muongo. Sawa, muongo, lakini mi naona tunamshika kwa kosa ambalo sio lenyewe. Mbunge hana hela ya barabara jamani. Hela za barabara ziko kwa wakala wa serikali, TARURA kwa barabara za vijijini na mijini na TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, za maji ya vijijini ziko kwa wakala mwingine, RUWASA, na zote zinatoka kwenye bajeti inayoandaliwa na serikali. Yeye anacho kale kamfuko ka jimbo kalikowekwa kwa sheria ya 2009, kanasaidia mabati na madawati, lami hakafiki.

Kwa hiyo mtu asiye na hela akikuahidi lami maana yake anakuahidi kwamba ataenda Dodoma kuisemea mpaka itoke. Hiyo ndo ahadi yenyewe, hata kama yeye mwenyewe hajui. Akikaa kimya hatuhitaji kusubiri miaka mitano tuone kama ametimiza, ameshavunja tayari.

Na vifaa vya kusemea amepewa vya kutosha kabisa. Katiba yetu ibara ya 63 inasema Bunge ndo linaisimamia na kuishauri serikali kwa niaba yetu, na mbunge anaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma. Ibara ya 100 inampa uhuru wa kusema mle ndani bila kupelekwa mahakamani kwa alichosema. Kuna swali la msingi, kuna la nyongeza, kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Afu kuna ile ya kushika shilingi, hii naipenda sana, bajeti ya wizara ikiwa inapitishwa, mbunge ambaye hajaridhika na majibu anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kueleweka. Shilingi moja tu lakini waziri anahangaika pale, wenzake wanamtetea, na ile barabara inatajwa mbele ya nchi nzima na waziri anajifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa jiulize mbunge wako amewahi kushika hata hiyo shilingi, na kama aliishika, aliirudisha baada ya kupewa jibu gani, maana wapo wanaoshika kwa mbwembwe na kuachia baada ya kuambiwa tutalifanyia kazi.

Wengi wakipewa maiki utasikia kwanza namshukuru Mungu, namshukuru Rais, nampongeza waziri na naibu wake na katibu mkuu na watendaji wote, nawashukuru wapiga kura wangu, kengele inalia, naunga mkono hoja asilimia mia moja. Amekaa. Wapiga kura wake wameshukuriwa ila shida yao haijatajwa!

Kinachonichekesha, katiba hiyo hiyo ibara ya 71 inasema mbunge akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika anapoteza ubunge wake. Ila akihudhuria yote, akasinzia yote, akagonga meza na kuchukua posho, huyo yuko salama kabisa. Kuja kunahesabiwa, kusema hakuhesabiwi.

Najua watasema chama. Ni kweli, ibara hiyo hiyo inasema ukiacha kuwa mwanachama wa chama kilichokudhamini na ubunge umekwisha, kwa hiyo mtu anaogopa kuwakera wakubwa. Hofu hiyo naielewa lakini siikubali kama sababu, kwa sababu kuuliza daraja liko wapi sio uasi, mara nyingi hilo daraja limeandikwa kwenye ilani ya chama chake mwenyewe. Na tumeona Bunge hili hili likisema na mambo yakatikisika. Mwaka 2008 kwenye sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, kamati teule ya Bunge chini ya Mwakyembe ilisoma ripoti na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, na Mwakyembe na Lowassa wote CCM. 2014 mbunge Kafulila alilibeba suala la hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta wengine wakimcheka, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, PAC, chini ya Zitto ikaleta ripoti, kabla mwaka haujaisha mwanasheria mkuu kajiuzulu na waziri wa ardhi kaondolewa. Mwaka uliofuata Kafulila hakurudi bungeni, kwa hiyo na sisi wapiga kura tujitazame, aliyesema hatukuwa na shida ya kumwacha.

Kuhusu ahadi kubwa za kitaifa nitasema kidogo. Sio zote ni hewa, elimu bila ada mpaka kidato cha nne iliahidiwa 2015 na Januari 2016 ilianza, tuipe haki yake. Lakini uchaguzi huo huo tuliahidiwa milioni 50 kila kijiji. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, piga hesabu, ni zaidi ya bilioni 600 na bado hujagusa mitaa ya mjini. Ilifika 2020 vijiji vinaangaliana tu. Hela zinaweza zisitoshe, hilo mtu mzima anaelewa, lakini hesabu yenyewe ni ya darasa la tano, ilitakiwa ipigwe kabla ya kupanda jukwaani, na aliyepigiwa kura kwa ahadi ile ana deni la kurudi mkutanoni kwa miguu yake kueleza imekwama wapi. Kukimbia simu sio maelezo.

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Hansard za Bunge, yaani kumbukumbu za kila kinachosemwa mle ndani, zipo kwenye tovuti yao, mtu wa kawaida hana muda wa kusoma makurasa yote yale na bando lenyewe la mawazo, ila nyie mna waandishi Dodoma. Kila mkutano wa Bunge ukiisha tutoleeni ukurasa mmoja tu, jimbo kwa jimbo, mbunge aliuliza nini, alijibiwa nini, na asiyeuliza chochote acheni nafasi yake wazi na jina lake juu. Anzeni na mkutano wa bajeti, ule wa Aprili mpaka Juni, maana ndo hela zinakogawiwa. Mi hilo gazeti nitalinunua.

Msomaji wenu wa siku nyingi